Kubadili Uongozi wa Bandari Ndogo: Namna ya Kushauriana na Wenyeji Kabla Karatasi Haijatiwa Sahihi

Kila kaunti ya pwani ya Kenya inapotaka kugusa bandari ndogo, maswali ni yale yale. Tuanze na nani? Baraza moja la chifu latosha? Mwenyekiti wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo) akishatia sahihi, si wenyeji wamekubali? Tuwape siku ngapi? Mwongozo huu unayajibu kwa hatua. Umeandikiwa afisa wa kaunti, karani wa kamati ya Bunge la Kaunti, au kiongozi wa BMU aliyekabidhiwa kazi ya kuendesha mashauriano. Kipande cha mwisho ni cha wale wanaoletewa mabadiliko.

Bandari ndogo hapa ni zile kama Vanga, Shimoni, Funzi, Mtwapa, Kilifi, Malindi na Kiunga, pamoja na bandari za wavuvi zisizo na gati wala taa, ambako chombo hupanda mchangani na samaki hupimwa chini ya mti wa mkungu. Kubadili uongozi ni jambo lolote kati ya haya: kuhamisha usimamizi kutoka taifa kwenda kaunti, kuunda kamati au bodi mpya, kubadili anayekusanya ada, kukodisha gati kwa kampuni, au kuanzisha kanuni mpya za zamu na maegesho.

KABLA YA KUANZA

Hakikisha una vitu hivi mkononi. Kimoja kikikosekana, subiri.

- Barua ya kukupa kazi, inayosema wazi kwamba uamuzi bado haujafanywa na nani atakayeufanya.
- Rasimu ya pendekezo kwa Kiswahili. Iliyo kwa Kiingereza peke yake haihesabiki.
- Picha ya bandari iliyopigwa kutoka juu, imechapishwa kwenye karatasi kubwa ya A1, watu waweze kuichorea kwa kalamu.
- Jedwali la maji la mwaka huu na kalenda ya mwezi mwandamo.
- Majibu ya upekuzi wa hati kutoka ofisi ya ardhi, kwa kila kiwanja kinachopakana na bandari na kila njia inayoteremka pwani.
- Katiba ya BMU na vitabu vyake vya mapato, ikiwezekana vya miaka 3.
- Mwongoza kikao asiyetoka katika idara inayotaka mabadiliko, na waandishi 2, mmoja wao mwanamke. Angalau mmoja awe anaelewa lahaja ya mahali: Kibajuni huko Kiunga, Kivumba huko Vanga na Wasini.
- Bajeti ya mafuta ya boti, uchapishaji, chai, nauli na kipaza sauti cha betri.
- Muda wa wiki 12 kwa bandari moja. Anayekwambia wiki 3 zatosha ana hafla ya uzinduzi anayoiwahi.

SHERIA, KWA KIFUPI TU

Ibara ya 10 ya Katiba ya 2010 imeweka ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa yanayombana kila mtumishi wa umma. Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, limewapa kaunti vivuko na bandari, isipokuwa udhibiti wa uchukuzi wa majini wa kitaifa na kimataifa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 87, inataka wananchi wapewe taarifa kwa wakati. Ibara ya 210 inasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa pasipo sheria. Kwa hiyo tangazo lililobandikwa ukutani na mkuu wa idara si ushuru halali.

Mahakama zimekwisha kuonyesha meno. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa athari za bandari mpya, na ukosefu wa ushirikishaji ulikuwa miongoni mwa makosa iliyoyataja. Kesi ile ilihusu ujenzi wa bandari kubwa, lakini hoja yake inaifikia hata bandari ya mashua kumi. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya sigara ya BAT, ilitoa vigezo: mada iwe wazi, utaratibu ueleweke, watu wapate nafasi ya kweli ya kushawishi, uwakilishi uwe mpana, na washiriki wawe wamepewa taarifa kabla. Yashike hayo, wanasheria tuwaachie mengine.

HATUA

1. Andika badiliko kwa sentensi moja

Si utangulizi wala dira. Sentensi moja: «Ada ya samaki inayokusanywa na BMU itakusanywa na kaunti.» Au: «Gati litakodishwa kwa kampuni kwa miaka 10.» Au: «Mamlaka ya Bandari itaikabidhi kaunti usimamizi wa gati.»

Chini yake chora safu mbili. Ya kwanza iandike yaliyokwisha kufungwa na sheria: kwa mfano, ukaguzi wa usalama wa vyombo ni wa Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na kamati ya kijiji haiwezi kupewa. Ya pili iandike yanayoweza kubadilika kutokana na maoni: kiwango cha ada, viti vya kamati, saa za kufungua gati, mahali pa kupigia kalafati (kuziba nyufa za mashua). Safu ya pili ikiwa tupu, usiite watu mashauriano. Toa tangazo la uamuzi na ubebe lawama zake, maana kumwita mvuvi aache kazi aje kuulizwa lililokwisha kuamuliwa ni kumdhihaki.

2. Andika daftari la hali ilivyo

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayozaa ugomvi zaidi. Ofisini husemwa bandari «haina uongozi» kwa kuwa hakuna bodi wala sahani ya jina mlangoni. Uongozi upo, ila haukuandikwa. Ukiweka mpya juu yake bila kuujua, utavunja vitu ambavyo hukujua vinashikilia paa.

Kaa bandarini siku 4 zisizofuatana: moja ya bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana), moja ya maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), moja kuanzia alfajiri, na moja mpaka vyombo vya usiku vimeondoka. Uliza na uandike:

- Nani hupanga zamu ya boti za abiria, na ugomvi wa zamu humalizwa na nani?
- Mizani ni ya nani? Nani huipima kama ni sahihi?
- Ada inatozwa kwa kilo, kwa chombo au kwa kichwa? Inakwenda wapi?
- Nani hulipa mlinzi wa usiku, maji, usafi wa choo na taa?
- Mashua isiporudi, nani hutoa boti na mafuta ya kwenda kuitafuta?
- Mgonjwa au mama mjamzito wa kisiwani huvushwa usiku na chombo gani, kwa malipo gani?
- Vyombo hupandishwa, hutengenezwa na kupigwa kalafati sehemu ipi ya ufuo?
- Wageni wa dago (wavuvi wanaopiga kambi kwa msimu) hupokewa na nani, hulipa nini, hulala wapi?
- Msiba ukitokea, rambirambi hutoka mfuko gani?

Kisha piga hesabu. Mfano wa kuonyesha njia: bandari inapokea kilo 300 kwa siku, ada ni shilingi 5 kwa kilo, siku za kazi ni 22. Hiyo ni 300 × 5 × 22, yaani shilingi 33,000 kwa mwezi. Sasa andika matumizi yake: mlinzi, maji, mafuta ya boti ya kutafutia waliopotea, mchango wa msiba. Kaunti ikiichukua ada hiyo yote, kila mstari wa matumizi uandikiwe atakayelipa kuanzia siku ya kwanza. Mstari usio na jina mbele yake ndio utakaokurudisha bandarini na polisi.

Kwenye ile picha ya A1 waache wenyeji wachore wenyewe: njia za kuteremkia, mahali pa kukaushia nyavu, mlango wa kuingilia vyombo wakati wa kupwa, kisima, msikiti, mti wa kivuli. Linganisha na upekuzi wa hati. Ibara ya 62 inaifanya ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma, lakini kiwanja cha juu yake huenda kina hati ya mtu binafsi, na njia iliyotumika miaka 60 haionekani kwenye ramani yoyote. Jambo hilo lijulikane sasa. Likijulikana baada ya kamati mpya kuapishwa, kamati itarithi bandari isiyofikika.

3. Orodhesha watu kwa kazi zao, si kwa vyeo

Mwenyekiti wa BMU, mzee wa mtaa na mwakilishi wadi wawemo, lakini wao ni watatu tu. Orodha ya kawaida ya bandari ya pwani huwa hivi:

- Manahodha na mabaharia (watenganishe, mwenye chombo na anayevuta nyavu hawana maslahi sawa)
- Wenye vyombo na matajiri wanaokopesha nyavu na mashine
- Wavuvi wa miguu na wa mtumbwi, na wanawake wanaotafuta pweza mwambani
- Mama karanga (wanawake wanaokaanga na kuuza samaki) na wachuuzi wa baiskeli na pikipiki
- Wachukuzi, wapara samaki, wauza barafu na mafuta
- Mafundi wa mashua
- Boti za abiria na za watalii
- Wakaao visiwani ambao bandari hiyo ndiyo barabara yao: walimu, wagonjwa, wanafunzi
- Wageni wa dago
- Wenye viwanja jirani na hoteli

Mbele ya kila kundi weka idadi ya kukadiria, mahali wanapopatikana na saa zao. Tajiri ana uzito wake: mabaharia wanaodaiwa naye hawatasema kitu akiwa amekaa mstari wa mbele. Ndiyo sababu ya hatua ya 6.

4. Tengeneza karatasi ya ukurasa mmoja

Herufi za ukubwa wa 14, Kiswahili cha kawaida, vichwa vitano tu: Nini kitabadilika. Kwa nini. Nani atapata, nani atapoteza. Nini bado hakijaamuliwa. Namna na tarehe ya mwisho ya kutoa maoni. Kiwango cha ada cha sasa na kinachopendekezwa viwekwe kando kwa kando, kwa shilingi kamili.

Chapisha nakala 150 kwa bandari ya kawaida. Bandika mizanini, kwenye banda la barafu, kwa muuza chai, kituo cha afya na kwenye ubao wa boti ya abiria. Iwe sauti pia: rekodi ya dakika 3 isambazwe kwenye makundi ya WhatsApp ya wavuvi na isomwe kwenye redio ya eneo, kwa kuwa baharia mzuri anaweza kuwa hasomi. Msikitini na kanisani omba tangazo la tarehe na mahali tu, usimpe imamu wala padri kazi ya kutetea pendekezo lako.

Muda kati ya karatasi kutoka na kikao cha kwanza usipungue siku 14. 21 ni bora. Watu wanahitaji kubishana barazani kabla ya kubishana nawe.

5. Panga tarehe kwa maji, si kwa kalenda ya ofisi

Siku za bamvua, ambazo huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hupwa sana kati ya saa 3 na saa 6 mchana. Wakati huo wanawake wa pweza na wavuvi wa miguu wako mwambani, na hiyo ndiyo riziki yao ya nusu mwezi. Kikao cha saa 4 asubuhi siku ya bamvua kimewafungia nje bila hata mlango kufungwa. Panga siku za maji mafu, takriban tarehe 7 hadi 10 na 22 hadi 25 za mwezi mwandamo. Wavuvi wa malema (mitego ya kusukwa) na wa nyavu za usiku nao wana saa zao, waulize.

Epuka Ijumaa mchana, mwezi mzima wa Ramadhani, na wiki ya Maulidi kama uko Lamu. Siku ya soko la karibu pia haifai kwa mama karanga.

Halafu kuna majira. Wakati wa kaskazi, takriban Novemba hadi Machi, bahari hutulia, na wavuvi wa dago, wengi wao kutoka Pemba, huwa wamefika. Kusi likivuma hawapo, na vyombo vingi vidogo vimepandishwa. Ukifanya vikao vyote wakati wa kusi utapata bandari tulivu yenye watu wanaokubaliana, kisha kaskazi ikukute na kanuni ambazo nusu ya watumiaji hawajazisikia. Ukilazimika kufanya kwa kusi, weka angalau kikao kimoja cha nyongeza kaskazi ikianza, kabla ya kutia sahihi.

6. Anza na vikao vidogo, ndipo kikao kikuu

Fanya vikao vya makundi 6 hadi 10, kila kimoja watu 8 hadi 12, saa moja na nusu isizidi. Kaa wanapofanyia kazi. Mama karanga hawezi kuacha mafuta jikoni aje ukumbini. Mabaharia wakae bila wenye vyombo, wanawake wawe na kikao chao chenye mwandishi mwanamke. Maswali 4 yatosha:

Badiliko hili likija kesho, siku yako ya kazi itabadilika wapi? Ni kitu gani cha sasa kisiguswe? Nani apewe ufunguo, na nani asipewe? Mambo yakiharibika, utamlalamikia nani?

Swali la tatu huleta majibu ya maana kuliko yote. Watu wanajua vizuri sana nani alishika fedha za choo zikapotea.

Wiki moja baadaye fanya kikao kikuu cha wazi. Kianze kwa kusoma yaliyosemwa kwenye makundi, bila kutaja nani alisema. Hapo mwoga hupata ujasiri anaposikia hoja yake imekwisha kutamkwa. Maafisa wasizungumze zaidi ya dakika 20 kwa jumla. Mwanasiasa apewe dakika 5 mwishoni, si mwanzoni. Akifungua yeye, kikao kitakuwa cha kumuunga mkono au kumpinga.

Visiwani fanya kikao cha kwao. Kuwaambia watu wa Wasini wavuke waje Shimoni kwa nauli yao ni kuchagua wenye nauli.

7. Andika maoni kwa namna ya kuhesabika

Tumia jedwali lenye safu 5: namba, maoni kwa maneno ya msemaji, kundi lake, jibu la ofisi, kilichobadilika kwenye rasimu. Usifupishe «tunaogopa mashua za nje zitachukua nafasi yetu ya kupandisha vyombo» kuwa «wasiwasi kuhusu nafasi». Ufupisho wa hivyo huua maana, na atakayesoma jedwali hataelewa kilichoulizwa.

Orodha ya mahudhurio na orodha ya nauli ziwe karatasi mbili tofauti. Juu ya kila moja andika kwa herufi kubwa: «SAHIHI HII SI IDHINI YA PENDEKEZO.» Wavuvi wengi wamechoka kuona sahihi ya chai ikigeuka kuwa sahihi ya kukubali. Chukua jina, kijiji na kazi peke yake. Namba ya kitambulisho haina kazi hapa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikuruhusu kukusanya usichohitaji.

Nauli iwe sawa kwa wote na itangazwe kabla. Kumpa mwenyekiti bahasha kubwa kuliko ya mchukuzi kunajulikana kabla jua halijatua.

8. Rudisha majibu

Ndani ya siku 30 rudi bandarini na jedwali lililojazwa safu zote 5. Lisome. Libandike mizanini. Pale ulipokataa maoni, sema sababu: sheria inazuia, fedha hazipo, kundi jingine lingeumia. «Yamezingatiwa» si jibu. Watu huvumilia kukataliwa. Kupuuzwa ndiko kunakowafanya wachome banda.

Acha siku 14 nyingine za kusahihisha jedwali, kisha lipeleke lote, pamoja na rasimu mpya, kwa Bunge la Kaunti au kwa aliye na mamlaka ya kuamua. Kama badiliko linaleta ada, lazima lipite katika sheria ya kaunti, kwa kawaida Sheria ya Fedha. Kama linahamisha kazi kati ya taifa na kaunti, litahitaji makubaliano ya maandishi chini ya Ibara ya 187. Kama kuna kujenga au kuchimba, tathmini ya mazingira ya NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) ni kazi nyingine yenye vikao vyake, na usiichanganye na hii.

9. Yaweke makubaliano ndani ya hati yenyewe

Yaliyosemwa kikaoni hayambani mtu mpaka yaingie kwenye hati. Angalia kwamba hati ya chombo kipya ina haya:

- Viti kwa kazi, vilivyotajwa: baharia, mama karanga, mvuvi wa miguu, boti ya abiria, mkaazi wa kisiwani. «Wawakilishi wa jamii» bila kutaja ni mlango wa marafiki.
- Anayewachagua: kundi lenyewe, kwa kura bandarini, si uteuzi wa ofisini.
- Muda wa kukaa na ukomo wake.
- Asilimia ya mapato inayobaki bandarini, na tarehe ya kila mwezi ya kubandika hesabu ukutani.
- Watia sahihi 3 wa akaunti ya benki, hundi isitoke bila 2 kati yao.
- Mahali pa kupandishia na kutengenezea vyombo, pamechorwa kwenye ramani iliyoambatishwa.
- Uvushaji wa wagonjwa usiku bila ada.
- Njia ya malalamiko na siku za kujibu.
- Namna ya kuibadili hati, ikiwemo kushauriana upya.

10. Jaribu kwa miezi 12

Miezi 6 haitoshi, kwa kuwa utaona kusi au kaskazi peke yake. Kamati ya zamani na mpya zikabidhiane kwa orodha ya mali iliyotiwa sahihi: mizani, majokofu, boti, funguo, salio la benki, madeni. Mwezi wa 3, wa 6 na wa 12 rudia yale maswali 4 ya hatua ya 6 kwa makundi yale yale.

MAKOSA YANAYORUDIWA

Kuhesabu baraza la chifu kama mashauriano. Baraza ni la kutangazia, na mwenye chombo baharini hayupo. Litumie kutoa habari tu.

Kuichukulia BMU kama kijiji kizima. BMU imeundwa chini ya sheria za uvuvi, na kanuni zake zinahusu uvuvi. Boti za abiria, fundi na mwanafunzi wa kisiwani hawamo.

Kuanza na mwekezaji. Wenyeji wakiona gari la kampuni limeegeshwa bandarini kabla ya karatasi ya ukurasa mmoja kutoka, wiki 12 zako zitaisha ukijibu uvumi.

Kuunganisha bandari tano katika mkutano mmoja wa hoteli mjini. Maoni yatakuwa ya wanaojua kuongea hotelini.

MAMBO YAKIKWAMA

Hakuna aliyekuja. Tazama jedwali la maji kwanza, kisha uliza nani alitangaza. Mara nyingi tangazo lilipita kwa upande mmoja wa kisiasa, upande wa pili ukaona si wao. Rudia, likitangazwa na watu wawili wasioelewana.

Kikao kimevunjika kwa kelele. Usiendelee na waliobaki ukadai akidi. Funga, andika sababu, rudi kwenye makundi madogo. Kelele huwa na hoja moja ndani yake, na hiyo hoja haikupata kikao chake.

Makundi mawili yanapingana kabisa, kwa mfano boti za watalii na wavuvi juu ya gati moja. Usitafute maneno ya kuwaridhisha wote. Gawa saa au gawa nafasi: kuanzia alfajiri hadi saa 2 ni samaki, baadaye watalii, au mstari wa rangi kwenye gati. Ijaribuni wiki 4, muandike kila mgongano.

BMU ina uongozi unaogombaniwa. Usichague upande. Kaa na pande zote mbili kando kando na umwombe afisa wa uvuvi asimamie uchaguzi kabla ya hatua ya 9.

Ngazi mbili za serikali zinadai bandari ile ile. Hili ni la kawaida, kwa kuwa baadhi ya bandari ndogo zimeorodheshwa chini ya KPA (Mamlaka ya Bandari ya taifa) ilhali Katiba inaipa kaunti bandari. Usiwaulize wavuvi waamue. Pata barua ya kila upande inayosema unadai nini hasa: gati, maji, ardhi au ada. Mara nyingi kinachogombaniwa ni kimoja tu kati ya hivyo vinne.

Mkubwa wako anataka sahihi wiki ijayo. Mpe hukumu ya 2014 ya Kiambu na hesabu ya kurudia zoezi zima baada ya mahakama kulibatilisha. Hesabu humshawishi mkubwa kuliko Ibara ya 10.

KAMA WEWE NDIWE UNAYELETEWA MABADILIKO

Umesikia fununu tu? Andika barua ya kuomba taarifa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Kiswahili kinakubalika kisheria, na asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo, afisa akamwandikia. Omba vitu vyenye majina: rasimu, ramani, makubaliano na kampuni, makadirio ya ada. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na haiwezi kukutoza zaidi ya gharama ya kunakili. Ikinyamaza, peleka malalamiko kwa tume inayoshughulikia malalamiko dhidi ya ofisi za umma, CAJ, ambayo huduma yake haina malipo.

Wakati huo huo andikeni daftari lenu la hali ilivyo, kama la hatua ya 2, msingoje ofisi ije kuliandika. Pelekeni ombi la maandishi kwa Bunge la Kaunti kupitia kwa karani, likiwa na majina, kazi na sahihi, na mtunze nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Mkiitwa kikaoni kwa taarifa ya siku 2, nendeni, lakini msemaji wenu aanze kwa kusema tarehe mliyopata taarifa na aombe iandikwe kwenye kumbukumbu. Mkikataa kwenda, kumbukumbu zitasema mlialikwa mkakosa. Pigeni picha karatasi ya mahudhurio kabla na baada ya kutia sahihi, kichwa chake kionekane.